Alhamisi na Jumapili: Genk walivyotwaa ubingwa huku wakicheza Ulaya, na bei waliyolipa

Kwa Watanzania wengi Genk ilikuwa timu ya mshambuliaji wetu Mbwana Samatta, basi. Tuliifahamu Januari 2016 alipotua huko kutoka TP Mazembe akiwa ameshatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, na wengi waliacha kuifuatilia Januari 2020 alipohamia Aston Villa. Ni hasara, kwa sababu miaka ile minne ina mafunzo ambayo huyapati kwa kuifuata Real Madrid wala Manchester City. Klabu kubwa zina fedha za kufunika makosa yao, Genk hawana. Ni klabu ya mji uliokuwa wa migodi ya makaa ya mawe, mkoa wa Limburg mashariki mwa Ubelgiji, iliyozaliwa 1988 baada ya Waterschei na Winterslag kuunganishwa, na uwanja wake haufiki viti 25,000. Pale kosa la Januari linasomeka kwenye msimamo wa ligi kufikia Machi.

Msimu ninaoufuata hapa ni wa 2018-19, ule wa ubingwa, pamoja na kipande cha 2016-17 na kipande cha 2019-20, maana bila hivyo ubingwa wenyewe haueleweki. Atakayefaidika ni anayemfuatilia mchezaji wetu aliyeko nje, kiongozi wa klabu ya nyumbani inayojiandaa na mechi za CAF, na hata yule anayeweka mkeka Jumapili bila kuangalia timu ilicheza wapi Alhamisi.

Anza na hesabu ya mechi

Kabla ya kuuliza kikosi ni kizuri kiasi gani, hesabu mechi. Ligi ya Ubelgiji wakati ule ilikuwa na timu 16, kwa hiyo mechi 30 za nyumbani na ugenini. Hapo watu wengi hufunga daftari, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu sita za juu zilikuwa zinaingia kwenye mchuano wao wa Sita Bora wa mechi 10 zaidi. Jumla 40. Genk waliingia Ligi ya Europa, mashindano ya pili ya klabu za Ulaya yaliyokuwa yakichezwa Alhamisi, kupitia raundi ya pili ya mchujo: mechi sita za kufuzu, sita za makundi, mbili za mtoano. Hizo ni 14. Tayari tuko 54 kabla ya kugusa Kombe la Ubelgiji na kabla ya mchezaji kuitwa na taifa lake. Hesabu hiyo ni dakika 4,860, na hakuna miguu ya binadamu inayozicheza zote kwa kasi ileile.

Klabu ilikuwa imeshaonja ubaya wa hesabu hii. Msimu wa 2016-17 walicheza mechi 18 za Ulaya, kuanzia mchujo wa Julai hadi robo fainali ya Ligi ya Europa dhidi ya Celta Vigo. Waliifunga Gent 5-2 ugenini katika 16 bora, Samatta akipachika mawili. Safari tamu. Ila katikati ya safari hiyo, Januari 2017, waliuzwa Wilfred Ndidi kwenda Leicester na Leon Bailey kwenda Bayer Leverkusen, yaani kiungo mkabaji na winga, nguzo mbili kwa mwezi mmoja. Kwenye ligi Genk walimaliza mechi 30 wakiwa wa nane, nje ya Sita Bora, na msimu uliofuata hawakucheza Ulaya kabisa.

Kwa hiyo unapoambiwa klabu "imefika robo fainali Ulaya", uliza mara moja: na kwenye ligi wako wa ngapi? Robo fainali huleta sifa. Tiketi ya mwaka unaofuata hutoka kwenye msimamo.

Agosti ndiyo mwezi unaoua timu

Philippe Clement alichukua timu Desemba 2017. Kwa vile msimu ule hapakuwa na Alhamisi za Ulaya, alipata nusu mwaka wa kufundisha kwa wiki kamili. Hili halizungumzwi vya kutosha. Timu yenye mechi mbili kwa wiki haifundishwi, inatunzwa tu. Mambo yote ya msingi, yaani nani anasukuma mbele mpira ukipotea, beki wa pembeni anapanda lini, nani anaziba nyuma yake, lazima yawe yameshaingia kichwani kabla ya wiki hizo kuanza. Genk waliingia msimu wa 2018-19 wakiwa wanajuana.

Na walihitaji kujuana, maana mechi yao ya kwanza ya Ulaya ilikuwa 26 Julai 2018. Kuanzia siku hiyo walicheza Alhamisi sita mfululizo, hadi 30 Agosti: Fola Esch ya Luxembourg (5-0 na 4-1), Lech Poznań ya Poland (2-0 na 2-1), Brøndby ya Denmark (5-2 na 4-2). Wameshinda zote sita, mabao 22 ya kufunga, sita ya kufungwa. Kwenye ile 5-2 Samatta aliondoka na mpira wake, mabao matatu.

Wikendi zikawa za ligi. Sasa angalia wiki ya namna hiyo inavyokwenda ndani ya kambi, kwa sababu mtazamaji huona Alhamisi na Jumapili tu. Mechi ya Alhamisi ikianza saa 3 usiku kwa saa za Ubelgiji, inakwisha karibu na saa 5. Kuna waliochaguliwa kupimwa dawa, kuna mahojiano, kuna basi kwenda uwanja wa ndege. Timu inatua alfajiri na usingizi umevunjika. Ijumaa waliocheza zaidi ya saa moja wanaendesha baiskeli taratibu, bwawa, masaji, chakula kingi cha wanga. Ambao hawakucheza, kwao Ijumaa ndiyo siku ngumu: mbio fupi za kasi, mechi ndogo za watano kwa watano, mpaka wafikie mzigo uleule wa mechi. Ukiwaacha hao wapumzike pamoja na wenzao, wanashuka kidogo kidogo bila mtu kugundua, na siku utakapowahitaji Novemba, misuli ya nyuma ya paja ndiyo itakayokujibu. Jumamosi ni dakika 40 hivi, kona na faulo, mpangilio wa wapinzani, basi. Jumapili mechi. Jumatatu tena baiskeli na masaji. Jumanne pekee ndiyo siku ya mazoezi ya kweli, na hata hiyo haiwezi kuwa kali. Jumatano safari.

Maana yake, tatizo la ulinzi likijitokeza Septemba halirekebishwi uwanjani, linarekebishwa kwa video. Kocha asiyekuwa na mchambuzi mzuri wa video akicheza mashindano mawili anabaki kuomba Mungu.

Kuhusu ukubwa wa kikosi, wengi hudhani dawa ni wachezaji 30. Siyo. Wachezaji 30 ni watu 12 wenye kinyongo kwenye chumba kimoja. Kinachotakiwa ni 16 hadi 18 ambao kocha anaweza kumwanzisha yeyote bila kubadilisha namna ya kucheza, pamoja na vijana wachache wa akademia. Genk walikuwa na Samatta mbele, na nyuma yake wakamsajili Zinho Gano kuwa mbadala. Pembeni na katikati walikuwa na Leandro Trossard, Alejandro Pozuelo, Ruslan Malinovskyi, Dieumerci Ndongala, Joseph Paintsil, Sander Berge na Bryan Heynen, na beki wa kulia Joakim Mæhle alipanda kama winga. Kila nafasi ya mbele ilikuwa na mtu wa pili anayeaminika. Walinzi wa kati ndio waliokuwa wachache.

Orodha, kadi na saa

Usajili wa UEFA una mtego ambao klabu ndogo huingia kila mwaka. Orodha A ina nafasi 25. Kati ya hizo, nane zimetengwa kwa waliolelewa nchini, na angalau nne kati ya hizo nane lazima wawe wamelelewa na klabu yenyewe. Ukikosa watu wa kujaza nafasi hizo huruhusiwi kuweka wengine; orodha yako inapungua. Klabu iliyonunua wageni kumi na kusahau akademia inaenda Ulaya na watu 21. Genk hapa wako salama kwa sababu akademia yao imewahi kutoa akina Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois, na mwaka ule Trossard na Heynen walikuwa zao la nyumbani. Orodha B haina kikomo: ni ya vijana wa chini ya miaka 21 ambao wamekuwa na klabu miaka miwili mfululizo tangu wafikishe 15. Wakati ule, baada ya makundi uliweza kuongeza watu watatu tu. Kwa hiyo mchezaji uliyemnunua Januari kwa mbwembwe anaweza kukaa jukwaani siku ya mtoano, na mashabiki wakamlaumu kocha bure.

Kadi nazo: katika Ligi ya Europa ya wakati ule njano tatu zilikufungia mechi moja, na zilizokusanywa kwenye mchujo zilifutwa kabla ya makundi. Ni vizuri kuwa na mtu mmoja kwenye benchi la ufundi ambaye kazi yake ni karatasi hiyo.

Na saa. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunaangalia mechi za saa 12:55 jioni ya Ubelgiji saa 1:55 usiku hadi Oktoba, halafu ghafla zikawa saa 2:55. Ile ya saa 3 usiku ikatoka saa 4 ikawa saa 5. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, sisi hatubadilishi. Mwaka 2018 ilikuwa 28 Oktoba. Mwenye kibanda umiza asiyelijua hilo hupoteza wateja wa Alhamisi nzima, au huwakusanya saa moja kabla mpira haujaanza na kuwasikiliza wakilalamika.

Pointi 11

Kundi lao lilikuwa na Malmö ya Sweden, Beşiktaş ya Uturuki na Sarpsborg ya Norway. Kwenye karatasi Beşiktaş ndio waliopewa kundi. Genk wakaifunga Malmö 2-0 nyumbani, wakachapwa 3-1 Sarpsborg, wakaenda Istanbul tarehe 25 Oktoba na kushinda 4-2, Samatta mawili. Kisha sare mbili, 1-1 na Beşiktaş nyumbani na 2-2 Malmö, wakamalizia kwa kuipiga Sarpsborg 4-0. Pointi 11, wa kwanza. Malmö tisa, Beşiktaş saba, Sarpsborg tano.

Kwa kundi la timu nne, pointi 10 au 11 karibu kila mara zinatosha, na huhitaji kushinda zote kuzipata. Angalia walivyozikusanya: mbili za nyumbani wameshinda, moja wametoa sare, ugenini wameshinda moja, sare moja, kipigo kimoja. Kipigo cha Sarpsborg kilipigiwa kelele wakati ule. Mwisho wa hesabu hakikuwa na madhara yoyote, kwa sababu mchezo wa marudiano nyumbani ulilipa deni. Wanaofukuza makocha baada ya mechi ya pili ya makundi waliangalie kundi hili.

Suluhu ya ugenini

Februari 2019 wakakutana na Slavia Praha. Mechi ya kwanza Prague, 14 Februari, ikaisha suluhu, 0-0. Wengi walisema kazi imekwisha, wanarudi nyumbani. Haikuwa hivyo, na sababu ni kanuni ya bao la ugenini iliyokuwa bado inatumika: jumla ya mabao ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita. Suluhu ugenini inakuacha bila bao la ugenini, na mpinzani anakuja kwako akijua kwamba sare yoyote yenye mabao inampitisha. Wewe unalazimika kushinda. Yeye anahitaji bao moja tu kukuweka kwenye kona.

Tarehe 21 Trossard akafunga mapema, 1-0. Slavia wakasawazisha, na kuanzia dakika ile Genk ndio waliokuwa wanatolewa ingawa ubao ulisoma 1-1 kwao nyumbani. Wakapanda. Walipopanda wakaacha uwanja nyuma yao, na timu ya Prague iliyokuwa inakimbia kuliko karibu kila timu ya mashindano yale ikautumia. 4-1. Slavia hawakuwa vibonde: walikwenda kuitoa Sevilla, kisha wakatolewa na Chelsea, mabingwa wenyewe.

Wasomaji wa Simba wameshaona kinachokuja. Wiki chache baadaye, Aprili 2019, Simba walitoka suluhu na TP Mazembe Dar es Salaam kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaenda Lubumbashi, Emmanuel Okwi akafunga mapema, na mwisho ubao ukasoma 4-1. Mpangilio wa mechi ulikuwa kinyume, matokeo yaleyale. Tofauti ni kwamba kwa Simba suluhu ya nyumbani haikuwa mbaya kikanuni. Bao la Okwi liliwafanya Mazembe wahitaji mawili. Waliyapata, na zaidi.

UEFA waliifuta kanuni hiyo Juni 2021. CAF waliendelea nayo, na Yanga walilipia mwaka 2023 kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho: walifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, wakashinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria. Kwa hiyo anayejifunza mbinu za mtoano kwa kuangalia Ulaya ya leo, akija kuzitumia kwenye CAF, asome kwanza kanuni za mwaka husika. Kwenye mashindano yenye kanuni hiyo, ugenini tafuta bao hata kama utafungwa. Kipigo cha 2-1 huko kinaacha kazi ya 1-0 nyumbani, na kazi hiyo unaifanya ukijua kwamba bao moja linakutosha.

Kuna watu husema kipigo cha Slavia ndicho kilichowapa Genk ubingwa, kwa kuwa walibaki na Alhamisi tupu. Ni nusu ya ukweli. Club Brugge, wapinzani wao wa ubingwa, walitolewa na Salzburg usiku uleule kwa 4-0. Wote wawili wakabaki na ligi pekee. Faida ya mapumziko ilikuwa sawa kwa wote. Kilichowatenganisha ni kwamba Genk walikuwa wameshaweka akiba ya pointi wakati wa wiki ngumu za vuli.

Hapa kuna jambo la kulinganisha na kwetu. Msimu uleule Simba walibaki na rundo la viporo, yaani mechi za ligi zilizoahirishwa, kwa sababu ya safari za CAF, wakalazimika kuvicheza kwa kufuatana mwishoni. Walitwaa ubingwa, ila ratiba ile ilifanya msimamo wa ligi usisomeke kwa miezi. Ubelgiji timu ya Alhamisi inacheza Jumapili, na inapotokea kuahirisha, hilo ni jambo la nadra. Kiporo ni mkopo. Unapumzika leo, halafu Mei unacheza mechi tatu kwa wiki na watu wale wale waliochoka, huku wapinzani wakijua tayari wanahitaji nini.

Machi: nahodha anaondoka, pointi zinakatwa

Genk walimaliza mechi 30 na pointi 63, Brugge 56. Pengo la saba. Ndipo kanuni ya Ubelgiji ikafanya kazi yake: kabla ya Sita Bora pointi zote ziligawanywa kwa mbili, na nusu ikapandishwa. Genk 31.5 wakaandikiwa 32, Brugge 28. Saba zikawa nne. Tena ile nusu ya kupandishiwa haikuwa zawadi: timu mbili zikilingana mwishoni, nusu hiyo ilikuwa inaondolewa. Kwa maneno mengine, kumaliza na pointi sawa na Brugge kungekuwa kushindwa.

Na katika wiki hizohizo nahodha Pozuelo akaenda Toronto FC. Dirisha la usajili la Ulaya lilikuwa limefungwa tangu Januari, lakini la Marekani Kaskazini huwa wazi majira ya masika, kwa sababu ligi yao inaanza Machi. Klabu inaweza kumpoteza mtu bila kuwa na haki ya kumsajili mwingine. Huu ni mtego wa pili mkubwa baada ya ule wa orodha: dirisha linalokuhusu si la nchi yako peke yake, ni la kila nchi yenye pesa ya kumtaka mchezaji wako. Saudi Arabia, China, Marekani, kila moja ina tarehe zake. Mkurugenzi wa ufundi anatakiwa awe nazo ukutani.

Genk walinusurika kwa sababu mbili. Kwanza, wakati wa baridi walikuwa wamemchukua Junya Ito kwa mkopo kutoka Kashiwa Reysol ya Japani, kwa hiyo kulikuwa na mtu wa ziada wa mbele kabla pengo halijatokea. Pili, kitambaa kilikwenda kwa Trossard na mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, kwa Malinovskyi, watu waliokuwa tayari wanafanya kazi hizo. Usimtafute mrithi wa nahodha siku anapopanda ndege.

Samatta mwenyewe alitumia mapumziko ya ligi ya kupisha mechi za timu za taifa kuja Dar es Salaam, ambako Taifa Stars waliifunga Uganda 3-0 tarehe 24 Machi na kufuzu AFCON. Siku chache baadaye Sita Bora ikaanza. Safari ya ndege ya usiku kwenda na kurudi kati ya bara na bara haionekani kwenye takwimu za mabao, ila ipo kwenye miguu. Alimaliza ligi na mabao 23 na tuzo ya Ebony Shoe, ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini Ubelgiji.

Ubingwa ulipatikana 16 Mei 2019, sare ya 1-1 Anderlecht huku Brugge wakipoteza Standard. Jumla ya mwisho ikawa 52 kwa 50. Bila kugawanya kwa mbili ingekuwa 83 kwa 78. Mfumo ule ulitengenezwa ili Mei iwe na msisimko, na uliupata. Kama ni haki, wengi wa Limburg wana jibu lao.

Risiti

Kisha ukaja msimu wa joto. Clement akaenda Club Brugge, klabu ileile aliyotoka kuishinda. Trossard Brighton, Malinovskyi Atalanta, Joseph Aidoo Celta Vigo. Ukiongeza Pozuelo wa Machi, hao ni kocha na wachezaji wanne wa kikosi cha kwanza ndani ya miezi mitano. Kipa Danny Vukovic akaumia vibaya kabla msimu haujaanza. Samatta akatoka kwenye fainali za AFCON nchini Misri mapema Julai, baada ya karibu mwaka mzima wa mechi tangu 26 Julai ya mwaka uliopita. Akaja kocha mpya Felice Mazzù kutoka Charleroi, pamoja na sura mpya kama Ianis Hagi, Theo Bongonda, Paul Onuachu na Patrik Hrošovský. Wachezaji wazuri. Onuachu baadaye alithibitisha hilo. Lakini wote walikuwa wanajuana majina tu, na mbele yao kulikuwa na Ligi ya Mabingwa.

Wakachapwa 6-2 Salzburg, Erling Haaland akifunga matatu kabla ya mapumziko. Suluhu na Napoli nyumbani. Liverpool wakawafunga 4-1 palepale Genk, usiku ambao kichwa cha Samatta kilikwenda wavuni na VAR ikakikataa kwa kuotea kwa Ito kwenye maandalizi ya bao. Anfield wakafungwa 2-1, na safari hii kichwa chake kikahesabiwa. Salzburg tena, kipigo cha 4-1. Kwa Napoli kipigo cha 4-0, golini akiwa kijana wa miaka 17, Maarten Vandevoordt. Pointi moja, mabao matano ya kufunga na 20 ya kufungwa. Matatu kati ya matano ni ya Samatta. Mazzù alikuwa ameshaondolewa Novemba, Hannes Wolf akachukua.

Hapa wengi hukimbilia kusema viongozi walikuwa na tamaa. Tazama fedha kwanza. Katika Ligi ya Europa 2018-19 UEFA ililipa euro milioni 2.92 kwa kuingia makundi, 570,000 kwa ushindi, 190,000 kwa sare, milioni moja kwa kuongoza kundi na 500,000 kwa kufika 32 bora. Kwa matokeo ya Genk hiyo ni takribani milioni 6.5, kabla ya mgao wa televisheni na wa viwango. Katika Ligi ya Mabingwa 2019-20 kuingia makundi peke yake kulikuwa milioni 15.25, na sare moja 900,000. Zaidi ya milioni 16 kwa kupoteza mechi tano. Kwa hiyo hata kufungwa kule kulilipa zaidi ya mara mbili ya ushindi wa mwaka uliotangulia.

Swali basi si kwa nini waliuza. Klabu ya aina hii inaishi kwa kuuza, na Trossard asingebaki. Swali ni kwa nini kwa mkupuo, na kocha juu yake. Kanuni ambayo ningeiweka mezani kwa klabu yoyote ya ukubwa huo: kwenye dirisha moja usiuze zaidi ya mtu mmoja kutoka mstari mmoja wa uwanja, na kama kocha anaondoka, mstari wa kati ubaki. Atakayekubali kubaki mwaka mmoja zaidi alipwe kwa mkataba mpya kutoka kwenye hizo milioni 15. Ni rahisi kuliko kununua watatu wasiojuana. Na kipa wa pili awe kipa kweli, kwa sababu nafasi hiyo haina wa kuigiza.

Januari 2020 ikajirudia ya 2017. Samatta akaenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na siku chache baadaye Berge akaenda Sheffield United. Ligi iliposimamishwa Machi kwa sababu ya korona, Genk walikuwa wa saba. Nje ya Ulaya tena.

Msimu wa 2020-21, bila Alhamisi hata moja, walimaliza wa pili, wakatwaa Kombe la Ubelgiji kwa kuifunga Standard 2-1, na Onuachu akafunga mabao 33 ya ligi.